Yule kwotabeki huwa anapayuka nini pale mstarini? Uzi wa kubadilisha mpango sekunde za mwisho

#1 Gadi_wa_Kulia

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi kwenye uzi mmoja wa michezo mdau aliuliza swali, watu wakalipita. Yule jamaa wa futiboli ya Kimarekani anayesimama nyuma ya wenzake, yaani kwotabeki, ananyooshea watu vidole, anatembea huku na huku na kupayuka, huwa anasema nini? Akajibiwa kwa matani. Mmoja akasema anaomba dua, mwingine akasema anaita majini. Nikasema hili ngoja nilifungulie uzi, maana mimi nimewahi kuwa mmoja wa wanaopigiwa hizo kelele.

Nijitambulishe kidogo. Nimezaliwa Tanga, nikahamia Iowa na mama nikiwa na miaka 14. Mwili nilikuwa nao. Mwalimu mmoja aliniona kwenye foleni ya chakula cha mchana, akaniuliza kama nimewahi kucheza "futiboli". Nikamjibu ndiyo, tena sana, beki namba tano. Kesho yake nikaenda mazoezini na njumu zangu na soksi za kupandisha hadi magotini, wakanivalisha helmeti. Sikuwa na Kiingereza cha kutosha kujieleza, basi nikabaki. Nilicheza miaka mitatu nikiwa gadi wa kulia, yaani yule anayekaa ubavuni mwa senta (senta ndiye anayeinama na kuutoa mpira kwenda nyuma kwa kwotabeki), hagusi mpira hata siku moja, kazi yake kusukumana na watu wenye kilo 120. (Tukiwa wengi tunaitwa magadi, ila siyo yale ya kulainishia maharage.)

Kwa hiyo haya nitawaeleza kutokea chini, kwa masikio ya anayesikiliza.

Tuanze na saa. Mchezo mmoja ukifa (huku "mchezo" ni jaribio moja, tangu mpira utoke hadi usimame), saa ya sekunde 40 inaanza kurudi nyuma. Kwenye NFL, ligi kuu ya huku, kocha anaongea na kwotabeki kwa redio iliyomo ndani ya helmeti, ndiyo maana ukitazama nyuma ya helmeti yake utaona kidoa cha kijani. Anapewa mpango, anawakusanya wenzake kwenye duara, anawaambia, duara linavunjika, wanakwenda kujipanga mstarini, pale mpira ulipowekwa. Saa ikifika sekunde 15 redio inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake, na ndiyo kwanza anawaona wapinzani wamejipangaje.

Mpango aliopewa ulikuwa wa kubashiri. Kocha alidhani wapinzani watakaa hivi. Sasa wamekaa vile.

Chukueni mfano mwepesi. Mpango ni mkimbiaji apite na mpira katikati. Sisi wa safu ya mbele tuko watano, na tuna mwenzetu mmoja wa pembeni anayesaidia kusukuma. Sita. Kwotabeki anahesabu vichwa vya wapinzani vilivyosogea karibu na mstari. Akiona sita, hakuna neno, kila mtu ana mtu wake. Akiona saba, kuna mmoja hana wa kumzuia, na huyo ndiye atakayemlaza mkimbiaji wetu chini. Akiona nane, kukimbia hapo ni kujitakia. Ila wale waliosogea mbele wametoka mahali, na hapo walipotoka pako wazi. Basi anaachana na mbio anarusha pasi. Na kinyume chake: mpango ulikuwa pasi, walinzi wawili wa nyuma wamerudi mbali kabisa, katikati kumebaki watu wachache, anageuza inakuwa mbio.

Wengi hukosea kwa kudhani anatunga kitu kipya papo hapo. Habuni. Duarani alishatupa mipango miwili, wa kwanza na wa akiba. Tukifika mstarini, akiridhika na anachokiona, kimya. Asiporidhika anapaza neno moja mara mbili tatu, na timu nyingi neno lenyewe ni la Kiingereza lenye maana ya "ua". Ua, ua! Maana yake mpango wa kwanza umekufa, twendeni na wa pili. Unamwona kwenye runinga kama nabii aliyeshushiwa ufunuo, kumbe amechagua kati ya vitu viwili vilivyokuwa mfukoni tangu Jumanne.

Nitaendelea, niko zamu.

#2 Mzee_wa_Kijiweni

Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata. Shusha nondo mkuu.

#3 Pweza_Mkavu

Mimi naona ni mbwembwe tu. Wapinzani wana masikio. Kama neno ni "ua" si wanasikia kwamba mpango umebadilika? Na wao wanabadilisha. Biashara imeishia hapo.

#4 BintiPwani

Asante kwa uzi. Mimi huwa naangalia na mume wangu, yeye ni mgonjwa wa huo mchezo, mimi naishia kusinzia. Swali: wale anaowanyooshea vidole ni wa timu yake au wa wapinzani? Na kwa nini anataja namba ya jezi ya mtu?

#5 Gadi_wa_Kulia

Nimerudi.

Dada BintiPwani, umeuliza kitu ambacho hata wenyeji wa huku hukipita juu juu. Anayenyooshewa kidole ni mpinzani. Nyuma ya safu yao ya mbele kuna watu wanaitwa malainibeka, na wamepewa majina ya utani ya nafasi: wa katikati ni Mike, wengine Will na Sam. Kwotabeki akisema "54 ni Mike" anatuambia sisi wa mbele tuanze kuhesabu kutokea kwa huyo. Gadi wa kulia ana huyu, senta ana yule, mkimbiaji atabaki na wa mwisho. Hapo mpango bado ni uleule, kilichobadilika ni nani amzuie nani. Timu nyingi kazi hiyo anaifanya senta. Jason Kelce wa Philadelphia kabla hajastaafu alisifika sana kwa hilo, na kamera hazikumfuata, zilimfuata kwotabeki.

Wakati mwingine huyo Mike wa leo hata hachezi katikati. Ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Mtu yeyote anaweza kuwa Mike kwa sekunde nane.

Pweza, hoja yako ni ya msingi na jibu lake ni refu. Kwanza, kujua kwamba mpango umebadilika siyo kujua umekuwa upi. Pili, maneno mengi unayoyasikia ni maganda matupu. Kuna njia ya zamani ya rangi, sisi ndiyo tuliyotumia. Mnakubaliana chumbani kwamba leo rangi hai ni nyekundu. Kwotabeki anapaza sauti kushoto na kulia: bluu 32, bluu 32! Hakuna kitu, anasafisha koo. Mchezo unaofuata: nyekundu 32, nyekundu 32! Hapo mpango wa duarani umetupwa, sasa ni namba 32. Mpinzani atachukua muda kuligundua, na mkienda mapumziko mnabadilisha rangi.

Tatu, neno lenyewe ni silaha. Nenda katazame mechi ya mtoano ya Januari 12, 2014, Denver Broncos na San Diego Chargers. Kwotabeki wa Denver ni Peyton Manning. Siku ile alipiga kelele "Omaha!" mara 44. Omaha ni mji wa Nebraska, jirani zangu hapa, na hauna uhusiano wowote na mechi hiyo. Wapinzani walijaribu kuusoma mdundo wa neno. Wakisikia Omaha wanajua mpira unatoka, wanaruka. Mara mpira hautoki. Waliadhibiwa mara tano kwa kuvuka mstari kabla ya wakati, yadi tano kila mara. Denver wakashinda 24 kwa 17. Na wewe unasema mbwembwe.

#6 Pweza_Mkavu

Sawa, lakini Omaha maana yake nini?

#7 Gadi_wa_Kulia

Waandishi walimuuliza wiki ileile, akawajibu kwa kuwazungusha: ni mchezo wa mbio, ila unaweza kuwa wa pasi, inategemea upepo na rangi ya jezi. Watu wakacheka, hakuna aliyeambulia kitu. Alipostaafu ndiyo akasema. Lilikuwa neno la kuwastua wenzake: tumeshabadilisha mpango, saa imetuishia, mpira unatoka sasa hivi. Na alilipenda kwa sababu lina silabi tatu, lina mdundo. O-ma-ha. Jaribu kulitamka ukiwa umeinama umechoka, utaona linavyokupa pumzi.

Halafu wafanyabiashara wa mji wa Omaha wakaona neema. Mechi iliyofuata waliahidi kutoa dola 800 kwa mfuko wake wa hisani kila akilitaja. Akalitaja mara 31, zikatoka dola 24,800. Sijui mji gani mwingine umewahi kutangazwa kwa bei hiyo.

#8 Mzee_wa_Kijiweni

Angetaja Mbagala angetuinua.

#9 Otero_254

Wadau, mimi niko Nairobi. Msisahau kijana wetu Daniel Adongo. Alitoka kwa raga, hakuwa amecheza huu mchezo hata siku moja, Indianapolis Colts wakamsajili 2013, na kabla mwaka huo uishe alikuwa ameingia uwanjani mechi ya NFL. Nafasi yake ilikuwa lainibeka, ingawa alichezeshwa zaidi kwa vikosi vya mateke. Mimi nilicheza raga shule ya upili na ninawaambia, pale kwa raga kila mtu anaona mpira na anajiamulia. Huku eti lazima usubiri mtu akupigie kelele ndio ujue unaenda wapi. Hiyo ndiyo ilinishinda kuelewa. Kwa nini wasiache tu watu wacheze?

#10 Gadi_wa_Kulia

Otero kaka, kwa raga mpira hausimami, kwa hiyo akili zinafanya kazi mkiwa mbioni. Huku mpira unasimama kila baada ya sekunde tano sita. Watu 11 wanaanza upya pamoja, na mmoja akikosea njia wote kumi wamefanya kazi bure.

Acha nikupe kisa changu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili, tuko ugenini, Oktoba, baridi ya kukata vidole. Duarani tumepewa mipango miwili: wa kwanza mbio upande wangu, wa akiba pasi. Mimi nikaushika wa kwanza, maana ulikuwa wangu, nilipewa kazi ya kwenda mbele kumsaka lainibeka. Kichwani nilishamwona nimemlaza. Tumejipanga, kwotabeki wetu akaona vichwa saba, akapiga kelele ya kuua. Vyombo vya muziki vya mashabiki wao vilikuwa nyuma yangu kabisa, ngoma inanigonga kifuani. Sikusikia. Mpira ukatoka, nikachomoka kama ng'ombe aliyekata kamba, nikamkuta lainibeka, nikamlaza vizuri kuliko nilivyowahi kumlaza mtu yeyote. Nainuka nasikia uwanja kimya, wenzangu wanaruka. Pasi ya yadi thelathini na kitu, mpokeaji yuko ndani, tachidauni, ndilo goli la huku. Na mimi naruka.

Halafu nikaona kitambaa cha njano chini.

Sheria ni kwamba ikiwa ni pasi, sisi wa safu ya mbele haturuhusiwi kuchomoka kwenda mbele kabla mpira haujarushwa. Mwamuzi akageukia jukwaani akataja namba 66. Mimi. Tachidauni ikafutwa, tukarudishwa yadi tano. Kwotabeki alikuja akanishika helmeti kwa mikono miwili, hakutukana, akaniuliza tu: ulisikia? Nikamwambia hapana. Akasema: basi geuka uniangalie. Tangu siku ile nilijua kubadilisha mpango siyo kazi ya anayepayuka. Akili yake yote ile ilishindwa na sikio langu moja.

#11 Konda_Mstaafu

Gadi, hapo umenigusa. Mimi nimekuwa konda miaka tisa, njia ya Mbagala hadi Kariakoo. Gari limejaa, redio inapiga singeli, abiria wanagombana, dereva hawezi kukusikia hata ukipasuka. Unafanyaje? Unagonga bodi. Mara mbili, twende. Mara moja, shusha. Dereva mgeni asiyejua ugongaji wako anakupitisha kituo. Sasa hao wakiwa ugenini kwenye kelele wanagonga nini?

#12 Gadi_wa_Kulia

Konda, wewe ungekuwa kocha. Wanagonga hivyohivyo!

Uwanja wa Kansas City, Arrowhead, mashabiki waliwahi kupimwa kelele Septemba 29, 2014, zikafika desibeli 142.2, wakaandikwa kwenye rekodi ya dunia ya Guinness. Hapo huwezi kupaza neno. Ndiyo maana mechi ya nyumbani mashabiki wenye adabu hunyamaza kabisa timu yao ikiwa na mpira, na wanaamka wapinzani wakiushika. Ukiona uwanja mzima kimya ujue wamempa kwotabeki wao nafasi ya kuongea.

Ugenini inatumika hesabu ya kimya. Senta ameinama, kichwa chini, anachungulia nyuma kati ya miguu yake. Gadi, yaani mimi, nageuka namtazama kwotabeki. Akiwa tayari ananyanyua mguu au mkono. Namgusa senta pajani. Senta anainua kichwa, anahesabu moyoni idadi tuliyopatana, anatoa mpira. Sisi wengine tunakodolea kichwa cha senta. Sauti hakuna, ni bodi ya daladala tu.

Na mpango unabadilishwa kwa mikono: kwotabeki anatembea kwa kila mmoja kama mhudumu wa hotelini, anagusa helmeti, anapiga paja, anazungusha kidole. Wapokeaji wa pembeni wako mbali, wao wanapewa ishara ya mkono. Nusu ya ishara ni za uongo.

Sasa oneni ikiharibika mbele ya dunia nzima. Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Februari 2, 2014, New Jersey. Ni Manning yuleyule, wiki tatu tu baada ya zile Omaha 44. Mchezo wa kwanza kabisa wa Denver. Kelele ni nyingi. Manning amesimama nyuma, hajaridhika na kitu, anaanza kutembea mbele kwenda kumwambia senta jambo. Senta akadhani amesikia ishara, akautoa mpira. Ukampita Manning pembeni ya kichwa ukaingia kwenye eneo lao wenyewe la mwisho. Seattle wakapata pointi mbili bila hata kuugusa, sekunde 12 tangu mechi ianze. Ilikwisha 43 kwa 8. Mtu aliyesifika kuliko wote kwa kubadilisha mpango mstarini, na mechi yake kubwa ikaanza kuharibika akiwa katikati ya kubadilisha mpango mstarini.

Mimi siku hiyo nilimwonea huruma senta. Watu wote walikuwa wanamzungumzia Manning.

#13 BintiPwani

Subhanallah. Nimemwamsha mume wangu kumuuliza, anasema anaikumbuka, alitupa rimoti.

#14 Pweza_Mkavu

Naanza kuelewa, lakini bado nina jicho. Umesema redio inakatwa sekunde 15. Mimi nimesoma kwamba kuna makocha wanawakimbiza wachezaji wajipange mapema, ili kocha aone ulinzi ulivyokaa akiwa bado hewani, ambadilishie mpango sikioni. Sasa hapo kwotabeki ni nani? Si spika ya blututhi?

#15 Gadi_wa_Kulia

Hapo umenibana na nakubali. Sean McVay alipoanza kuifundisha Los Angeles Rams mwaka 2017, na kwotabeki wake kijana Jared Goff, watu walilisema sana hilo: wanawahi mstarini, kocha anamsomea, redio inakatika, mpira unatoka. Ni halali kabisa. Na wapinzani wajanja dawa yao ni ndogo: wanakaa uongo mpaka saa isome 15, redio ikikatwa ndiyo wanahama kwenda walikokusudia. Hapo spika yako imezimika na kijana amebaki na macho yake.

Huo mvutano wa kocha na mchezaji ni wa zamani kuliko sisi wote. Paul Brown, kocha wa Cleveland, aliweka redio kwenye helmeti ya kwotabeki wake George Ratterman mwaka 1956. Ligi ikaipiga marufuku mwaka uleule. Kabla ya hapo alikuwa akiwatuma magadi! Gadi mmoja anatoka, mwingine anaingia na ujumbe wa kocha kichwani, mchezo baada ya mchezo. Babu zangu kwenye kazi hii walikuwa matarishi. NFL imeruhusu redio rasmi 1994.

Katikati hapo wapo makwotabeki waliojiamulia wenyewe. Johnny Unitas wa Baltimore, fainali ya Desemba 28, 1958 dhidi ya New York Giants, alipanga michezo yake mwenyewe hadi muda wa nyongeza, wakashinda 23 kwa 17. Jim Kelly wa Buffalo miaka ya tisini mwanzoni alikuwa hawaiti wenzake duarani kabisa, wanajipanga moja kwa moja na anapanga kila kitu pale mstarini. Wapinzani hawapati hata nafasi ya kubadilisha wachezaji. Wakafika Super Bowl nne mfululizo. Wakapoteza zote nne, lakini hilo tuliache.

#16 Otero_254

Manze, nne zote?

#17 Gadi_wa_Kulia

Zote. Usimkumbushe mtu wa Buffalo.

#18 Jasiri_Texas

Salaam kutoka Houston. Niongezee mawili.

Moja, kuna ule ujanja wa kumtoa mpokeaji upande mmoja akatembea hadi upande wa pili kabla mpira haujatoka. Wageni wanadhani anabadilisha nafasi. Kwotabeki anatazama: akifuatwa na mlinzi mmoja hatua kwa hatua, mara nyingi maana yake kila mlinzi amepewa mtu wake. Asipofuatwa, wanalinda maeneo. Amewauliza swali wapinzani bila kufungua mdomo, na wao wamemjibu bila kujua.

Mbili, kwenye vyuo hawakuwa na redio hadi 2024. Kabla ya hapo unaona wachezaji wote wamejipanga, halafu wote kwa pamoja wanageuka kutazama kando ya uwanja kama swala waliosikia kijiti. Pale kuna watu wameshika mabango yenye picha za ajabu: katuni, mnyama, uso wa mtu maarufu. Moja ni kweli, nyingine geresha. Na mwaka 2023 chuo cha Michigan waliingia kwenye kashfa ya kupeleleza ishara za wapinzani, kocha wao akafungiwa mechi tatu za mwisho wa msimu wa kawaida.

#19 Pweza_Mkavu

Enhe! Kumbe wezi wapo.

#20 Gadi_wa_Kulia

Wapo tangu zamani. Mwaka 2007 New England Patriots walikamatwa wakirekodi kwa kamera ishara za mikono za makocha wa New York Jets. Kocha akapigwa faini ya dola 500,000, klabu 250,000, wakanyang'anywa na nafasi yao ya raundi ya kwanza kwenye zoezi la ligi la kugawana wachezaji chipukizi. Kilichofuata ni cha maana kwa uzi huu. Wakati ule redio walikuwa nayo washambuliaji tu, ulinzi ulikuwa unaongozwa kwa mikono kama trafiki wa Ubungo taa zikizima. Mwaka 2008 ulinzi nao ukapewa redio kwa mchezaji mmoja. Naye ana kidoa cha kijani. Kwa hiyo siku hizi Mike anapayuka naye, anabadilisha na yeye. Unakuta watu wawili wanapigiana kelele mita chache, kila mmoja akijifanya amebadilisha.

Na kuna kwotabeki Aaron Rodgers. Huyu alipokuwa Green Bay alikuwa bingwa wa kubadilisha mdundo wa sauti tu, mpango uleule. Anapaza neno la mwisho kwa nguvu lakini mpira hautoki. Mpinzani anaruka, kitambaa cha njano kinatupwa, na sekunde hiyohiyo senta anautoa mpira. Sasa Rodgers ana mchezo wa bure: akipoteza mpira, adhabu ya mpinzani inaufuta. Anautupa mbali kabisa kama mtu anayecheza kamari kwa hela ya shemeji.

#21 Mzee_wa_Kijiweni

Hapo kwa shemeji nimemwaga kahawa.

Nauliza, mechi za usiku zinaanza saa ngapi kwetu? Maana mmeshaniambukiza.

#22 Jasiri_Texas

Mzee, ile kubwa ya Jumapili usiku ni saa tisa na dakika 20 za usiku kwenu, unaamkia Jumatatu. Novemba huku wakirudisha saa nyuma inasogea hadi saa kumi na dakika 20 alfajiri. Za mchana wa huku utazipata kuanzia saa mbili au saa tatu usiku, hizo ndizo za mtu mwenye kazi.

#23 Konda_Mstaafu

Gadi, umetuambia mlitumia rangi. Hamkuwahi kujaribu Kiswahili? Mimi ningekuwa wewe ningewafundisha wote. Nani Iowa atajua?

#24 Gadi_wa_Kulia

Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Mwaka wa mwisho, kwotabeki wetu akaniambia: nipe neno la kwenu, rangi zimechoka. Nikampa "kushoto". Likisikika, mchezo wa mbio unaokwenda kulia unageuzwa unakwenda kushoto. Alilitamka vibaya, "kushodo", lakini tukazoea, hadi kocha akawa analipenda. Mechi tatu lilifanya kazi kama mchawi. Walinzi wa watu wanatazamana tu.

Mechi ya nne tukakutana na shule ya mji jirani. Mbele yangu kapangwa kijana mmoja mweusi, mrefu, mkimya, mikono kama makasia. Mchezo wa kwanza hakuna kitu. Mchezo wa pili kwotabeki akapaza: kushodo, kushodo! Yule kijana akainua kichwa, akanitazama mimi usoni muda mrefu, akageuka kwa wenzake akawapigia kelele kwa Kiingereza na kuwaonyesha mkono upande ule tunaokwenda. Mkimbiaji wetu alikutana na watu wanne. Tukarudi nyuma yadi tatu.

Wakati tunainuka, bado nimelaliwa, akaniinamia akaniuliza taratibu: "Uko mutu wa wapi, weye?"

Familia yake imetoka Uvira, Kongo. Mechi nzima hakuniacha nipumue. Ilipoisha akanipeleka kwao, mama yake akatupikia ugali na sombe (kisamvu), na hadi leo ni rafiki yangu.

#25 Konda_Mstaafu

Hahahaha! Sasa mtu wa Tanga si ungetumia Kizigua?

#26 Gadi_wa_Kulia

Bibi yangu ni Mzigua, nilishalipeleka hilo kwa kocha. Akaniuliza kama nina uhakika hakuna anayekijua huku. Nikaulizia. Mkuu, kuna Wasomali Bantu waliohamishiwa Marekani, mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka hukohuko kwetu Tanga, na wapo wanaokiongea Kizigua hadi leo vizuri kuliko mimi.

Tukarudi kwenye rangi.